Uanuwai wa Kijenetiki na Ukali wa Bakteria Wanyaushao Nyanya: Mazingatio kwa Utafiti wa Njisi na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Mkulima wa nyanya katika tambarare ya Kyela anaposema kwamba shamba lake limenyauka, anaeleza jambo aliloliona kwa macho. Mmea uliokuwa imara jana umelegea leo mchana. Jioni unainuka kidogo kana kwamba umepona. Baada ya siku chache unakauka ukiwa bado na rangi ya kijani. Akienda kwenye duka la pembejeo, huenda akarudi na dawa ya ukungu, ambayo haina kazi yoyote dhidi ya bakteria aliyemo ndani ya shina. Akimwendea ofisa ugani, hushauriwa abadilishe mazao na atafute mbegu yenye ukinzani. Ushauri huu wa pili ni bora kuliko dawa ile, lakini nao umebeba dhana isiyotajwa: kwamba bakteria aliyemo katika shamba hilo ni yuleyule ambaye mbegu hiyo ilipimwa dhidi yake. Makala hii inaichunguza dhana hiyo.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mtafiti anayetaka kusema jambo la manufaa kuhusu mnyauko wa nyanya katika eneo kama Njisi hana budi kupima mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni ukoo wa bakteria, yaani uanuwai wake wa kijenetiki. La pili ni kiasi cha madhara anachoweza kusababisha kwa mmea fulani katika mazingira fulani, yaani ukali wake. Mambo haya huandikwa pamoja katika mada za tasnifu kiasi cha kuonekana kama jambo moja. Siyo jambo moja, wala kimojawapo hakiwezi kukisiwa kwa kukitazama kingine.

Njisi iko katika Wilaya ya Kyela, jirani na kituo cha mpaka cha Kasumulu, ambako Mto Songwe unaitenga Tanzania na Malawi kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Uso wa ziwa uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wa Tukuyu, ambao kwa barabara ni mwendo mfupi tu, uko takriban mita 1,500. Kyela ni nchi ya joto, mvua nyingi, mpunga na kakao. Rungwe ni nchi ya baridi, chai, ndizi na viazi mviringo. Tofauti hii ya mwinuko ndiyo inayoifanya Njisi iwe mahali pazuri pa kuliuliza swali letu, kama itakavyoonekana katika sehemu ya mwisho.

2.0 Jina moja, vimelea zaidi ya mmoja

Neno "mnyauko" ni jina la dalili. Mwaka 1999 Black na wenzake walichapisha katika jarida la Plant Disease taarifa kuhusu vimelea vya mnyauko katika mimea ya jamii ya nyanya nchini Tanzania, na waliowataja ni bakteria watatu: Ralstonia solanacearum, Clavibacter michiganensis na Pseudomonas corrugata. Taarifa yenyewe ni fupi, lakini uzito wake ni mkubwa, kwa kuwa bakteria hawa hawafanani kwa tabia wala kwa njia ya kuenea. Ralstonia hukaa katika udongo na maji na kuingia kupitia mizizi, hasa mizizi iliyojeruhiwa kwa jembe au kwa minyoofundo. Clavibacter, asababishaye kansa bakteria, husafiri zaidi na mbegu yenyewe na kwa mikono na visu vya wanaopogoa. Pseudomonas corrugata huozesha kiini cha shina. Mkulima akishauriwa kuhamisha shamba kwa sababu ya udongo, ilhali ugonjwa wake umekuja na pakiti ya mbegu, atauhamisha ugonjwa pamoja na shamba.

Utambuzi wa awali unaweza kufanyika shambani bila maabara. Kipande cha shina lililonyauka kikikatwa na kuning'inizwa katika glasi ya maji safi, uzi mweupe kama maziwa hushuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache endapo mirija imejaa Ralstonia. Mnyauko wa fuzari, ambao husababishwa na ukungu, hautoi uzi huo. Hata hivyo kipimo hiki hujibu swali la "ni bakteria au siyo" tu. Hakisemi ni wa ukoo gani, na mtafiti aliyekiandika katika sura ya mbinu kana kwamba ni kithibitisho cha spishi atastahili kuulizwa swali na mtahini.

Kwa upande wa magonjwa ya majani, kazi nyingi za Tanzania zimetoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa ushirikiano na watafiti wa Ulaya. Shenge na wenzake walichunguza vinasaba vya Pseudomonas syringae pv. tomato, asababishaye madoa madogo meusi ya majani na matunda. Mbega na wenzake, mwaka 2012, waliripoti spishi tano za Xanthomonas zilizohusishwa na dalili za madoa bakteria katika nyanya za Tanzania. Spishi tano nyuma ya dalili za aina moja! Matokeo hayo peke yake yanatosha kumwondolea mtafiti imani kwamba jina la ugonjwa linatosha kuwa jina la kimelea. Bakteria hawa wa majani nao hutofautiana kwa mahitaji ya joto: P. syringae pv. tomato hustawi katika hali ya ubaridi na unyevu, ilhali Xanthomonas hupenda joto na mvua. Kwa mantiki hiyo, anayeteremka kutoka Rungwe hadi Kyela anapaswa kutarajia wa kwanza apungue na wa pili aongezeke. Hayo ni matarajio ya kinadharia ambayo sampuli ndizo zitakazoyathibitisha au kuyakanusha. Kuanzia hapa makala inashughulika na Ralstonia, ambaye kwa mazingira ya joto na maji mengi ya mwambao ndiye anayestahili kutangulizwa.

3.0 Ukoo: namna Ralstonia anavyogawanywa

Bakteria huyu alielezwa kwa mara ya kwanza na Erwin F. Smith mwaka 1896. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 aligawanywa kwa vigezo viwili: mimea anayoishambulia, na sukari na pombe anazoweza kuzitumia maabara. Migawanyo hiyo bado inaonekana katika tasnifu za miaka ya karibuni, na si kosa kuitaja, lakini haielezi ukoo. Bakteria wawili wanaweza kutumia sukari zilezile huku wametengana kwa muda mrefu sana katika historia ya mabadiliko yao.

Fegan na Prior (2005) walipendekeza mgawanyo unaotokana na mfuatano wa DNA. Walitambua makundi makuu manne, yaitwayo filotaipu, ambayo kwa kiasi kikubwa yanalingana na asili ya kijiografia: filotaipu I ya Asia, II ya mabara ya Amerika, III ya Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi, na IV ya Indonesia na maeneo jirani. Ndani ya kila filotaipu kuna sikweva, yaani vikundi vidogo vinavyotambuliwa kwa kusoma sehemu ya jeni egl, ambayo huongoza utengenezaji wa kimeng'enya kinachovunja selulosi. Mwaka 2014 Safni na wenzake walikwenda mbali zaidi na kuugawa mchanganyiko huu katika spishi tatu: filotaipu II ikabaki na jina la R. solanacearum, filotaipu I na III zikaitwa R. pseudosolanacearum, na IV ikaitwa R. syzygii. Ni vema msomaji akumbuke kwamba maandiko ya kabla ya 2014 yanapotumia jina R. solanacearum yanaweza kuwa yanamaanisha yeyote kati ya hao, na taarifa ya 1999 iliyotajwa juu imo katika kundi hilo.

Kwa bahati nzuri, kupata filotaipu ni kazi nyepesi kwa maabara yoyote yenye mashine ya PCR. Vianzishi kadhaa huchanganywa katika bomba moja. Kipande cha DNA chenye urefu wa jozi besi 280 huthibitisha kwamba kimelea ni wa mchanganyiko wa Ralstonia solanacearum. Kipande cha pili hutaja kundi: 144 kwa filotaipu I, 372 kwa II, 91 kwa III na 213 kwa IV. Matokeo husomwa kwenye jeli siku ileile. Usomaji wa jeni egl unahitaji gharama ya ziada, na usomaji wa jenomu nzima zaidi ya hapo, lakini swali la kwanza, yaani bakteria wa Njisi ni wa Afrika, wa Asia au wa Amerika, halihitaji fedha nyingi.

Je, swali hilo lina maana yoyote nje ya maabara? Kisa cha mwaka 2003 kinajibu. Katika mwaka huo vipandikizi vya maua ya Pelargonium vilivyotoka Kenya viliingia Marekani vikiwa na Ralstonia wa filotaipu IIB, sikweva 1. Majimbo ya kusini ya Marekani yalikuwa yamekwisha kuishi na Ralstonia wa koo nyingine kwa zaidi ya karne moja, na wakulima wa huko walikuwa wamezoea hasara zake. Pamoja na hayo, mamlaka ziliweka karantini na mimea mingi ikateketezwa. Sababu ni kwamba ukoo huu mmoja huvumilia ubaridi na kuozesha viazi mviringo, hivyo ulitishia majimbo ya kaskazini ambayo koo nyingine zilishindwa kuyafikia. Mtu angeandika "Ralstonia solanacearum" katika ripoti na kuishia hapo, tofauti yote iliyozua karantini ingepotea katika maneno hayo mawili.

4.0 Ukali: jambo lipimwalo kwa mmea

Kuna umuhimu wa kutenganisha istilahi mbili. Uwezo wa kusababisha ugonjwa ni swali la ndiyo au hapana: je, bakteria huyu anaweza kuuguza nyanya? Ukali ni swali la kiasi: anauguza kwa kasi gani, mimea mingapi, na katika aina ipi ya nyanya? Ukali kwa hiyo si sifa ya bakteria peke yake. Ni sifa ya ndoa kati ya bakteria na mmea, na joto na maji ndiyo washenga wake.

Jenomu ya kwanza ya Ralstonia, ya aina iitwayo GMI1000 iliyotolewa katika nyanya huko Guyana ya Ufaransa, ilichapishwa na Salanoubat na wenzake mwaka 2002. Iligundulika kuwa imegawanyika katika sehemu mbili kubwa: kromosomu ya takriban besi milioni 3.7 na plasmidi kubwa ya takriban milioni 2.1. Jeni nyingi zinazohusika na ugonjwa ziko katika plasmidi hiyo, pamoja na mfumo wa sindano ambao bakteria hutumia kuingiza protini vamizi ndani ya seli za mmea. Zana nyingine ya ukali ni ute mzito wa sukari ambao huziba mirija ya maji. Ndiyo maana mmea hunyauka ukiwa umesimama katika udongo wenye unyevu wa kutosha. Bakteria hawatoi ute huo ovyo. Huhesabiana kwanza kwa ishara ya kikemikali, na wanapokuwa wengi ndipo huwasha kwa pamoja utengenezaji wake.

Hapa ndipo ukoo na ukali vinapoachana. Filotaipu hubainishwa kwa jeni za msingi ambazo bakteria wote wa kundi wanazo na ambazo hubadilika polepole. Protini vamizi, kinyume chake, hutofautiana sana hata kati ya ndugu wa karibu, na Ralstonia ana uwezo wa asili wa kuchukua DNA kutoka katika mazingira yake. Bakteria wawili wanaweza kukaa tawi moja katika mchoro wa ukoo huku mmoja akiuangusha mmea wenye ukinzani na mwingine akishindwa. Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwa jirani yake wa majani. Jeni ya ukinzani iitwayo Pto, iliyotengwa na Martin na wenzake mwaka 1993, huilinda nyanya dhidi ya P. syringae pv. tomato wenye protini vamizi AvrPto. Bakteria akiikosa protini hiyo, au akiwa na toleo lisilotambuliwa, kinga ya Pto haina la kufanya. Jeni moja tu inaweza kubadilisha hatima ya shamba zima bila kuhamisha tawi lolote katika mchoro wa ukoo uliotokana na jeni nyingine.

Mwandishi wa makala hii anaona kwamba udhaifu wa tafiti nyingi za ukali hauko katika takwimu; uko katika namna bakteria walivyotunzwa. Kelman, mwaka 1954, alionesha kwamba katika agari yenye chumvi ya tetrazoliamu bakteria wakali hutoa koloni pana, zenye ute, nyeupe na zenye waridi katikati, ilhali waliopoteza ukali hutoa koloni ndogo, kavu, nyekundu iliyoiva. Mabadiliko hayo hutokea kwa urahisi bakteria anapohamishwahamishwa kutoka sahani hadi sahani. Tena jokofu la kawaida, ambalo mwanafunzi huliona kuwa mahali salama, linamdhuru; maji safi yaliyochemshwa na kutakaswa, katika joto la chumba, humtunza kwa miaka. Matokeo yake ni kwamba aizoleti, yaani bakteria aliyetengwa kutoka mmea mmoja, anaweza kuandikwa "dhaifu" katika jedwali kwa sababu tu alikaa miezi sita mahali pasipomfaa. Jedwali la ukali lisiloambatana na maelezo ya koloni siku ya kuambukiza haliwezi kusomwa kwa imani.

Kuhusu mimea ya kupimia, nyanya moja haitoshi. Inahitajika walau aina inayoshambuliwa kirahisi, aina inayolimwa na wakulima wa eneo husika, kwa mfano Tanya au Tengeru 97, na aina yenye ukinzani inayojulikana kimataifa. Hawaii 7996 imetumika kwa miongo kadhaa kama kipimo hicho cha tatu kwa kuwa ilistahimili katika majaribio ya nchi nyingi, ingawa kuna bakteria walioishinda. Mizizi humwagiwa mchanganyiko wenye bakteria takriban milioni 100 kwa mililita, joto hudhibitiwa, na mimea husomwa kila siku kwa skeli ya hatua kama ile ya Winstead na Kelman (1952). Joto lisipoandikwa, ulinganisho hauna msingi, kwa kuwa aizoleti ya nyanda za juu inaweza kuonekana kali katika nyuzi 24 na nyingine ikaishinda katika nyuzi 32.

5.0 Njisi: mto, mpunga na viazi

Mambo matatu ya mahali hapa yanapaswa kuunda mpango wa sampuli.

Mpunga ndio wa kwanza. Maandiko ya kilimo hupendekeza kubadilisha nyanya na mpunga wa majaruba, kwa kuwa udongo uliofunikwa na maji kwa muda mrefu hupunguza wingi wa Ralstonia. Kyela inao mpunga tayari, na bustani zinazofuata mavuno zinaweza kunufaika bila mkulima kuambiwa kitu. Lakini maji yanayotuama yakiua na maji yanayotembea yakisafirisha, basi jaruba lililo mwisho wa mfereji linaweza kupokea kile kilichotoka majaruba ya juu. Swali hili halijibiwi kwa kukusanya shina moja kutoka kila kijiji. Linahitaji sampuli zilizopangwa kwa ngazi: mimea kadhaa ndani ya shamba, mashamba kadhaa kwenye mfereji mmoja, mifereji kadhaa. Bila mpango huo, aizoleti 60 zinaweza kuwa nakala 60 za bakteria mmoja aliyeenezwa na maji, na uanuwai ukaripotiwa kuwa mdogo, au mkubwa, kwa bahati tu ya mahali mtafiti aliposimamisha pikipiki.

Viazi ni jambo la pili. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki ukoo wa IIB-1, ule wa kisa cha 2003, umeripotiwa sana katika viazi mviringo, ambako husafiri katika mbegu zisizoonesha dalili. Viazi vya Rungwe na Mbeya huteremka kwenda Kyela na mpakani kila siku, na maganda na viazi vilivyooza hutupwa mahali fulani. Je, ukoo huo hufika mwambao na kudumu katika joto lake, au hufika na kushindwa na koo za filotaipu I na III? Mtelemko kutoka Tukuyu hadi ziwani ni jaribio lililokwisha kupangwa na ardhi yenyewe. Kinachohitajika ni kukusanya sampuli kwa kila mita 200 za mwinuko, za nyanya na za viazi, katika msimu mmoja. Kituo cha TARI Uyole, ambacho kinafanya kazi za viazi katika nyanda hizo, ni mshirika wa asili wa kazi ya namna hiyo.

Jambo la tatu ni Songwe. Mto huu hupindapinda katika tambarare na hubadilisha mkondo wake wakati wa mafuriko, kiasi kwamba shamba lililokuwa ng'ambo moja linaweza kujikuta ng'ambo ya pili. Huko Ulaya, katika nchi kama Uholanzi na Uingereza, ilibainika kwamba Ralstonia wa viazi alidumu kwenye mito kwa kuishi katika mizizi ya gugu la kingo, Solanum dulcamara, na kurudi mashambani kwa maji ya umwagiliaji. Kingo za Songwe zina mimea yake ya jamii hiyo, ukiwemo mnavu unaochumwa kama mboga, ambao unaweza kubeba bakteria bila kunyauka. Sampuli za nyanya peke yake zitamwonesha mtafiti bakteria waliofaulu kuua. Hazitamwonesha wale waliotulia kingoni wakisubiri. Kwa hiyo maji ya mto na mizizi ya magugu yasiyo na dalili yawe sehemu ya mkusanyo tangu mwanzo, yakioteshwa katika agari teule na kupimwa kwa vianzishi vilevile.

Upo pia upande wa kisheria. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina wajibu wa ukaguzi wa mimea mipakani. Mkaguzi wa Kasumulu anayetazama gunia la viazi au trei la miche hawezi kuona filotaipu kwa macho. Anachoweza kukitumia ni orodha ya koo zilizokwisha kuthibitishwa upande wa Tanzania, ili ajue ni ipi ingekuwa ngeni. Orodha hiyo kwa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa itatokana na sampuli za pande zote mbili za mto, Njisi na Karonga, zilizokusanywa katika msimu mmoja, kwa vibali vya nchi zote mbili, na kupimwa katika maabara moja ili tofauti ya vianzishi au ya agari isije ikahesabiwa kuwa tofauti ya bakteria.